Jicho Akisubiri Jua

Dada yangu alirudi kutoka safari Jumanne moja ya mvua, amevaa gauni la njano lenye maua mekundu makubwa kama sahani. Alipoteremka kwenye teksi hakusema habari zenu wala nimewakumbuka. Alisimama na sanduku lake pembeni ya dimbwi, akatazama paa za mabati, akatazama ukuta wa jirani na kamba ya nguo isiyo na nguo, kisha akasema, "Mbona huku kumepauka hivi?"

"Kumenyesha," nikamwambia. "Ingia ndani, utaharibu viatu."

"Kunyesha ni kunyesha. Hapa pamefuliwa mpaka pamechujuka."

Nikacheka. Mtu akitoka ng'ambo lazima aone kwao kubaya, angalau wiki ya kwanza, na wa nyumbani lazima amvumilie. Tena sitaficha, wivu nilikuwa nao. Mwezi mzima nilibaki peke yangu katika vile vyumba vyetu viwili, nikimwaga ndoo zilizojaa maji ya paa linalovuja, wakati yeye ametumiwa tiketi na binti yake, anayefundisha watoto kuogelea katika hoteli ya huko. Mimi ni mdogo wake kwa miaka minane. Tangu ndoa yangu ife tunaishi pamoja na tunafanya kazi gereji moja, kwa hiyo tunaonana asubuhi, mchana na jioni, na bado tuna mambo ya kugombania.

Alifungua sanduku kabla hata ya kunywa chai. Akatoa daftari la shule lililojaa mwandiko wake. Kila ukurasa ulikuwa nyumba moja ya mtaa wa binti yake. Nyumba ya tatu: nyeupe vijiko sita, njano vitatu, nyekundu ncha ya kisu. Mlango wa jirani: bluu vijiko viwili, nyeupe kimoja, nyeusi tone. Watu wengine wakisafiri wanapiga picha. Yeye aliandika namna ya kuchanganya.

"Huko jua linakupiga usoni, mdogo wangu," akasema. "Kila kitu kinasema jina lake. Huna haja ya kuuliza."

Kisha akanirushia kitambaa cha kichwa. "Nimekuletea cha kijani. Najua wewe na kijani chako."

Nikakikunjua. Kilikuwa cha bluu. Si bluu ya kubishaniwa, bluu kavu kabisa, kama ya sare za shule. Nikasema asante, na moyoni nikajiuliza cha kijani kampa nani. Nilimfikiria mke wa bosi, maana alikuwa amepelekewa zawadi yake ndani ya mfuko uliofungwa vizuri kuliko wangu. Nikanuna. Mimi nikinuna sisemi neno, lakini sufuria zote za jikoni zinajua. Nilinuna zaidi ya mwezi kwa ajili ya kitambaa kile, na leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Watu wa gereji wanamwita Jicho. Kazi yetu ni magari yaliyogongwa. Fundi bodi, tuliyempa jina la Nyundo, anayanyoosha. Mimi niko ofisini, kwenye chumba chenye dirisha la nondo linalotazama uwanja, napokea simu na kuandika magari yanayoingia na yanayotoka. Dada anachanganya rangi na kupaka. Ukisikia kuchanganya rangi unaweza kudhani ni kazi ya kukoroga kopo, na hata mimi zamani nilidhani hivyo. Lakini gari likitoka kiwandani na rangi yake, likakaa juani miaka saba, likaoshwa kwa kila sabuni na kuegeshwa chini ya kila ndege, rangi yake inakuwa nyingine. Ile namba ya rangi iliyogongwa kwenye bati haikusaidii tena. Ukipaka mlango mmoja kwa namba ile, gari litatembea na kiraka. Anatakiwa mtu wa kuiona rangi ilivyo leo, siyo ilivyokuwa ilipozaliwa.

Dada alikuwa mtu huyo kwa miaka ishirini na sita, bila kadi za rangi wala mashine. Hung'oa kile kifuniko kidogo cha tundu la mafuta, akakitia mkobani na kuzunguka nacho. Anakitoa sokoni, anakitoa mlangoni, anakitoa tukiwa mezani tunakula, anakigeuzageuza. Watu wanamshangaa. Siku ya pili au ya tatu anaanza kuchanganya, anapaka vifuniko vya makopo, anavipanga kwa namba, kisha anakitia kimoja alama ya chaki. Hicho ndicho. Alijifunza kwa mumewe, aliyekuwa fundi rangi wa gereji hiyohiyo. Mume alipokimbia na mwanamke mwingine, aliacha kinyago cha kuzuia moshi wa rangi, mtoto wa miaka mitatu, na gari moja lililopakwa nusu. Dada akavaa kinyago, akamalizia gari. Bosi alilitazama, hakuuliza tena mume yuko wapi.

Kuna desturi moja pale, na bila kuijua hiyo hutaelewa kilichotupata. Gari likishakauka linasukumwa uwanjani, juani. Kila fundi anasimamisha kazi. Dada analizunguka mara tatu: mara ya kwanza amesimama, mara ya pili ameinama, mara ya tatu anarudi kinyumenyume huku analitazama. Halafu anasema, "Imelala." Yaani rangi mpya imelala pamoja na ya zamani, huoni mpaka. Hapo mafundi wote wanagonga mara moja kwa chochote walichoshika, spana, nyundo, kipande cha bomba. Ngo! Gari limeruhusiwa. Sijui nani alianzisha ujinga huo. Mimi sijawahi kugonga. Kila wakigonga mimi niko kwenye simu na mteja, na nimeshawaambia mara mia kwamba wakitaka ngoma waende harusini. Dada hunitania kwamba nitazikwa bila kugonga hata sahani.

Na kuna sharti lake, aliloliweka mwenyewe: neno hilo halisemwi chini ya mawingu. Mawingu yanaficha. Rangi mbili zisizojuana zikikaa kwenye kiza cha mvua zinaonekana ndugu wa tumbo moja, na jua likitoka tu zinakanana. Kwa hiyo msimu wa mvua magari yalikuwa yakisubiri, na kazi ya kuwatuliza wateja ilikuwa yangu.

Ila msimu huu ulikuja na kichaa chake. Mvua haikuwa hata ya maana, ilikuwa manyunyu yasiyokoma, na juu yake wingu zito la rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wateja wakachoka. Bosi akaanza kuyatoa magari bila neno la dada, na dada, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akanyamaza.

Gari la kwanza kurudi lilikuwa teksi. Bampa limekuwa la rangi ya maziwa, mwili wa gari mweupe. Wiki iliyofuata likarudi la daktari wa meno, na huyo alikuja na mke wake kama shahidi. Bosi akamwita dada ofisini kwangu, akaniacha nibaki, nadhani aliogopa kuwa naye peke yake.

"Jicho, mimi na wewe tumeanza na gari moja lililopakwa nusu na kreti ya soda ya kukalia," akasema. "Nakuheshimu. Lakini mwezi mmoja, magari mawili?"

"Ni mawingu, bosi. Nimetoka kwenye jua kali, macho bado hayajazoea kiza cha huku. Nipe siku moja ya jua."

"Jua silimiliki mimi."

"Siku moja tu."

Bosi akatoa kikaratasi kilichokunjwa mfukoni, akakiweka juu ya daftari langu la magari. Kilikuwa na picha ya kidude cheupe, kama pasi ndogo. Mashine ya kusoma rangi. Unaibandika kwenye bati, yenyewe inakuandikia vipimo.

"Na mimi?" dada akauliza.

Bosi akatazama dirishani. "Kuna kazi ya msasa."

Kazi ya msasa ni kazi anayopewa mtu aliyeingia gereji juzi, hajui spana wala bisibisi. Unasugua puti, lile dongo la kusawazishia bati, tangu asubuhi hadi jioni, unakwenda nyumbani na vumbi kwenye kope. Dada alikunja kile kikaratasi vizuri, akamrudishia mkononi.

"Limeingia gari la mama wa duka la dawa," bosi akasema akiwa mlangoni. "Mlango wa kushoto. Unalijua, umeshalipaka mara mbili. Likirudi na hili, naleta mashine."

Gari lile lilikuwa la bluu, bluu yenye chembe za fedha ndani, rangi ngumu kuliko zote. Dada akang'oa kifuniko cha mafuta, akakitia mkobani.

Kuanzia hapo nyumba yetu haikuwa nyumba. Alikuwa anaamka kabla yangu, anafungua mlango, anatazama juu. Anafunga. Baada ya nusu saa anafungua tena. Taa ilikuwa inawaka mchana kutwa. Alikuwa ananiuliza mambo ya ajabu kwa sauti ya kupitisha muda: ile ndoo ya jirani si ya zambarau ile? Wakati ndoo ni nyekundu, na imekuwa nyekundu miaka yote tunayoishi pale. Siku moja alikwenda kazini na soksi moja nyeusi na moja ya bluu. Nikamcheka. Akaziangalia muda mrefu, akavua zote mbili, akavaa viatu bila soksi. Hakucheka hata kidogo, na mimi nikajisikia vibaya bila kujua kwa nini.

Au tuseme nilijua, nikajifanya sijui. Mama yetu alikuwa mshonaji. Alianza kwa kushona vifungo vya shati jeupe kwa uzi wa njano, na mteja alipolalamika akasema, "Mwanga mdogo." Tukamnunulia balbu kubwa. Akashona pindo la sketi ya bluu kwa uzi mweusi, akasema mwanga mdogo. Tukasogeza cherehani dirishani. Halafu tukaipeleka uani. Miaka miwili baadaye alikuwa anatupapasa nyuso ili ajue nani kaingia, na hivyo ndivyo alivyoishi miaka kumi mpaka tukamzika. Daktari alisema ni mshipa wa nyuma ya jicho, unakauka, na ukishakauka haurudi. Alituambia pia, mimi na dada, kwamba jambo hilo hutembea katika familia. Tulitoka pale tukanunua machungwa, na hatukulizungumza tena.

Jumapili mchana mvua iliongezeka, sebule ikawa na giza la saa moja jioni. Dada alikuwa amepanga vifuniko kumi na moja juu ya meza, kifuniko cha mafuta katikati yao. Alikuwa amevitazama tangu asubuhi. Namba nne ilikuwa na alama ya chaki. Usingizi ulimchukua palepale kwenye kiti, mdomo wazi, mkono mmoja bado umeshika kitambaa cha kufutia.

Simu yake ikalia, nikaichukua nikatoka nayo jikoni nisimwamshe. Alikuwa binti yake.

"Mama mdogo! Kile kitambaa kilikufaa?"

Nikaona nafasi yangu ya kulipa kisasi. "Cha bluu kilinifaa. Nasubiri kile cha kijani."

"Kijani kipi?" Akacheka kidogo. "Tulinunua kimoja tu. Nilimwambia mama kwamba wewe unapenda kijani, akachagua hicho, akasema ndicho. Nikadhani ananitania. Mama mdogo, hata bahari ya huku alikuwa anasema ni ya kijani. Nilitaka kukuuliza. Macho yake yako sawa?"

Nikamuuliza jua la huko lilikuwaje siku hiyo ya kitambaa. Akasema, "La kutisha. Tulikuwa tumeegemea ukuta kutafuta kivuli."

Nikamwambia mama yake amelala, nitamwambia apige. Nikakata simu, nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Zaidi ya mwezi nilikuwa nimenuna juu ya kitambaa cha pili ambacho hakijawahi kuwepo duniani. Na huko jua lilikuwepo. Dada alikuwa anasubiri jua la kumwokoa, na jua lilikuwa limeshamjaribu, likamshinda.

Nilirudi sebuleni na tochi. Mimi sijui rangi, lakini hata mimi, nikimulika kifuniko cha mafuta kisha vile kumi na moja, niliona. Namba saba ilikuwa ndiyo. Namba nne ilikuwa na kijani ndani yake, wazi, kama shaba iliyokaa majini. Nikafuta chaki kwenye nne kwa kidole, nikaichora kwenye saba. Ulikuwa wizi, najua. Nilikuwa namwibia dada yangu kosa lake.

Aliamka kabla sijazima tochi.

"Nani kagusa?"

"Mimi. Saba ndiyo, dada."

Akainama juu ya meza. Akaichukua saba, akaisogeza puani kabisa. "Saba ina majivu. Saba imekufa. Wewe tangu lini unajua rangi?"

"Dada, kitambaa ni cha bluu."

"Kitambaa gani?"

"Hiki hapa." Nilikuwa nimekifunga kichwani tangu asubuhi. "Uliniambia ni kijani."

Akanitazama kichwani. Aliangalia muda mrefu, na nikaona anatafuta, anakaza uso, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu aliyesimama mbele yake.

"Hicho ni kijani," akasema. "Ni huu mwanga tu. Mwanga mdogo."

Aliposema maneno hayo mawili, yeye mwenyewe aliyasikia. Niliona mkono wake ukishika ukingo wa meza.

"Mama alisema hivyohivyo," nikasema.

"Usimlete mama hapa!"

"Twende hospitali kesho. Nitatuombea ruhusa sote wawili."

"Nitakwenda. Lipite hili gari kwanza. Jua litoke, nione, lipite, halafu nitakwenda popote unapotaka."

"Huko jua lilikuwepo, dada."

Akaanza kuvikusanya vifuniko, kimoja kimoja, anavitia kwenye mfuko. Alipofika kwenye nne akatoa chaki mfukoni, akairudishia alama yake, akakandamiza mpaka chaki ikavunjika. "Wewe ndiye usiyejua rangi," akasema. "Shuleni ulikuwa unakwenda na viatu vya rangi mbili, watu wanakucheka."

"Tulikuwa maskini! Hatukuwa vipofu!"

Neno lilinitoka hivyo, lote. Hakuna aliyeliokota. Dada alikwenda chumbani, akafunga mlango taratibu, na mimi nikabaki nimesimama na tochi inayowaka mchana. Nililia kwa hasira, hasira ya kukosa mtu wa kumgombeza. Ningemgombeza nani? Yeye? Mama? Ule mshipa?

Jumatatu alichanganya namba nne. Nilimwona kupitia dirisha akipima kwa kijiko, mkono hautetemeki, kinyago kikiwa shingoni, na ungemwona usingejua kwamba kuna kitu. Nyundo alikuja dirishani kwangu akajifanya anataka kalamu.

"Jicho yuko sawa?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Chunga bodi zako," nikamjibu.

Ningeweza kumwambia bosi. Nilinyanyuka kwenye kiti mara mbili, mara zote nikakaa. Ningemwambia nini? Kwamba dada yangu haoni rangi, mpe msasa leo badala ya keshokutwa? Jumanne mlango ulikuwa umekauka, umefungwa kwenye gari. Ndani ya gereji, chini ya zile taa ndefu, ulionekana mzuri. Nakuapia ulionekana mzuri. Nilisimama mbele yake na kikombe changu cha chai nikaanza kujidanganya kwamba tochi yangu ndiyo mbovu, kwamba dada hajawahi kukosea bluu, kwamba mimi kweli sijui rangi. Na usiku ule, mimi niliyelaani manyunyu yale kwa mwezi mzima, niliomba yasikome. Niliomba mteja aje alichukue gari lake chini ya wingu, aliegeshe bandani, asilitazame tena mpaka afe.

Jumatano niliamka nikaona mstari mweupe ukutani, umenyooka kutoka dirishani hadi kwenye kabati. Nilikuwa nimesahau kitu hicho kinaitwaje. Sijawahi kulichukia jua kama nilivyolichukia asubuhi ile.

"Mdogo wangu!" Dada alikuwa mlangoni, tayari amevaa lile gauni la njano. "Limetoka! Amka, limetoka!"

Alinivuta shuka kama tulipokuwa watoto. Njiani alikuwa anatembea mbele yangu, karibu kukimbia, anaimba chini chini, anaruka madimbwi. Alikuwa ameshanisamehe, niliona, tena bila mimi kuomba. Kila alichopita alikitaja. "Unaona ile? Nyekundu. Unaona lile geti? Bluu." Geti lilikuwa la bluu. Nikashika tumaini hilo moja kwa mikono miwili mpaka gereji.

Mama wa duka la dawa alikuwa ameshafika, amesimama uwanjani na funguo mkononi, bosi pembeni yake. Mimi niliingia ofisini nikafunga mlango. Nilikaa nyuma ya nondo zangu. Nyundo na wenzake wawili wakalisukuma gari kutoka kivulini, likatoka mbele, likatoka nusu, likatoka lote.

Mlango ulikuwa wa kijani.

Bluu mbele, bluu nyuma, katikati kijani cha dimbwi. Hapakuwa na haja ya kuwa fundi. Mama wa duka la dawa alifungua mdomo, na bosi, Mungu ambariki kwa hilo, aliinua kiganja kumzuia. Mafundi wakasimamisha kazi kama desturi. Dada akaanza kuzunguka.

Mara ya kwanza amesimama. Mara ya pili ameinama, gauni lake amelikusanya magotini lisishike matope. Mara ya tatu alirudi kinyumenyume, mkono juu ya macho kukinga jua, na alikuwa anatabasamu. Tabasamu lile nililiona mara ya mwisho siku alipofungua sanduku.

"Imelala," akasema.

Hakuna aliyegonga. Nyundo alikuwa na nyundo mkononi, aliitazama kama amepewa ya mtu mwingine. Bosi alitazama viatu vyake. Dada akasubiri. Tabasamu bado lilikuwepo, akageuza uso huku na huku, akapandisha sauti kidogo, kama mtu aliyedhani hakusikika.

"Nimesema imelala."

Sijui nilivyoinuka. Kwenye meza yangu palikuwa na kufuli la geti. Nikalishika, nikagonga nondo ya dirisha. Ngo. Peke yake. Nilitaka apate hiyo moja tu, na nusu dakika ya kuiamini, kabla ya watu kuanza kusema.

Dada akageuka upande wa sauti.

"Nani huyo?"

Akakaza macho kuelekea ofisini, jua likimpiga usoni.

"Ni wewe, mdogo wangu?"

"Ni mimi, dada."

"Wewe hujawahi kugonga," akasema.

Tabasamu lilikwenda taratibu, halikuanguka. Alirudi kwenye gari, akaweka kiganja pale mlango unapokutana na bodi, akapapasa juu, akapapasa chini, kama mama alivyokuwa akitupapasa nyuso.

"Ni rangi gani?" akauliza. "Mtu aniambie. Ni rangi gani?"

Nikaliweka kufuli mezani, nikatoka nje kwenda kumwambia.